Kamba Moja ya Kisima: Habari ya Umeme wa Majeshi, Kuanzia Njia ya Chemba

Njia itokayo Dodoma kwenda Kondoa hupita katika nchi ya Chemba. Ni nchi kavu ya mibuyu na migunga, yenye mito ambayo kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na wenyeji wake ni Warangi, Wasandawe, Waburunge na Wagogo. Mpaka mwaka 2012, Chemba ilipofanywa wilaya ya peke yake, ilihesabiwa kuwa upande wa kusini wa wilaya ya Kondoa. Kwa hiyo jina lake ni nadra katika vitabu vya vita, ingawa majeshi mawili yaliikanyaga katika mwaka mmoja. Wahandisi wa majeshi siku hizi wanatafuta namna ya kuunganisha mashine nyingi ndogo za umeme zikawa nguvu moja isiyozimika upesi. Atakaye kufahamu kwa nini wanaitafuta aweza kuanza safari yake mahali pengine penye sifa kubwa zaidi, lakini hatapata mahali palipo wazi zaidi kuliko njia hii.

Katika Aprili mwaka 1916 Jenerali Jacob van Deventer, Kaburu aliyeongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya amri ya Smuts, alishuka kutoka Arusha akaingia Kondoa tarehe 19. Kuingia kulikuwa kwepesi. Kukaa ndiko kulikokuwa na msiba. Mvua za masika zilianguka nyuma yake, njia ikawa tope, magari yakazama, farasi na nyumbu wakafa kwa mamia kwa ajili ya mbung'o, njaa na uchovu. Chakula, dawa na risasi vilikuwa upande wa Moshi na Arusha, na baina yake na jeshi palikuwa na njia moja tu. Vilivyofika vilifika polepole, na vingi vilifika juu ya vichwa vya wapagazi. Jeshi lile likakaa Kondoa kama ndoo iliyoning'inizwa kisimani kwa kamba moja iliyooza.

Adui yake, von Lettow-Vorbeck, aliiona kamba hiyo. Aliwapeleka askari wake kwa reli ya kati mpaka Dodoma, kisha wakapanda kaskazini kwa miguu kupita nchi ya Chemba, na usiku wa tarehe 9 Mei wakayashambulia maboma ya Kondoa. Hawakufaulu. Majeshi yakatazamana kwa wiki nyingi, yote mawili yakiugua na kushinda na njaa, mpaka Wajerumani walipoondoka mwisho wa Juni. Van Deventer akashuka nyuma yao kwa njia ile ile, na tarehe 29 Julai akautwaa mji wa Dodoma na reli yake. Hapo kamba ya Wajerumani nayo ikakatika, kwa maana reli ile iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilikuwa ndio uti wa mgongo wao.

Katika mizinga iliyosikika Kondoa ilikuwamo mizinga ya manowari Königsberg. Meli yenyewe iliangamia katika mdomo wa Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Lakini mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iliopolewa majini, ikagawanywa, ikaburutwa nchi nzima kwa mikono ya watu, na mingine ikaendelea kupigana zaidi ya mwaka mmoja baada ya kifo cha mama yake. Manowari moja iliweza kuzingirwa na kuuawa. Mizinga 10 iliyotawanyika ilipaswa kuwindwa mmoja mmoja.

Jeshi la 1916 lilikula nyama, unga na majani ya farasi. Jeshi la leo, juu ya hayo, hula umeme. Simu za upepo, rada, pampu za maji, majokofu ya damu na dawa, taa za chumba cha kupasulia, mashine za kuhesabu na kuchora ramani, vyote hivyo vikikosa umeme kwa saa moja, askari wenye bunduki nzuri hugeuka vipofu na viziwi. Kwa hiyo swali la Kondoa limerudi kwa sura nyingine: je, nguvu hiyo ije kwa kamba moja ndefu, au izaliwe pale pale inapotumika?

Afrika Mashariki ilianza na udogo. Umeme wa kwanza wa watu wote uliwashwa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa waliyokaa wao. Baada ya vita Waingereza wakaurithi, wakawapa wenye makampuni mwaka 1931, na serikali ya nchi huru ikaununua mwaka 1964. Katika miaka hiyo yote kila mji ulikuwa na mashine zake na giza lake. Mashine ya Dodoma ikiharibika, ya Tabora haikuwa na habari. Ndipo ukaja wakati wa mabwawa: Hale mwaka 1964, Kidatu mwaka 1975, Mtera mwaka 1988, na waya zikanyoshwa kuviunganisha vituo hivyo katika Gridi ya Taifa. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, wala hapana haja ya kuipunguzia heshima. Lakini Mtera na Kidatu hunywa maji ya mto mmoja, Ruaha Mkuu, na ukame ulipokuja, kama mwaka 2006, nchi nzima iliona kiu ya mto ule.

Wenye hofu ya vita walikuwa wamekwisha kuliona jambo hili zamani. Mwaka 1939 kampuni ya Brown Boveri ilisimika katika mji wa Neuchâtel, Uswisi, turbini ya kwanza ya gesi iliyofanywa kwa ajili ya kuupa mji umeme. Turbini ni gurudumu lenye mapanga mengi, lizungushwalo na maji, mvuke au moshi wa moto uendao kwa kasi. Hii ya Neuchâtel ilizungushwa na moshi wa mafuta. Nguvu yake ilikuwa kilowati 4,000, na katika kila sehemu 100 za joto la mafuta iligeuza kuwa umeme sehemu 17 tu. Mfanyabiashara angaliikataa. Lakini iliwekwa chini ya ardhi, mahali pa kukingia mabomu, iwe akiba ya siku mbaya. Haikuhitaji maji mengi wala tanuri kubwa, na iliamka upesi. Waswisi walinunua usalama, wakalipa kwa mafuta, na mtambo ule ukatumika mpaka mwaka 2002.

Kinyume cha Neuchâtel ni Jinja. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilikuwa na turbini 10 za megawati 15 kila moja, na kwa hesabu mtu angesema kwamba mashine 10 ni wingi wa kutosha. Lakini zote zilikaa katika nyumba moja, juu ya ukuta mmoja wa mto mmoja. Uganda yote ilitegemea nyumba hiyo, na Kenya nayo ilipata humo megawati 30 kwa waya uliofika mwaka 1958. Katika vita vya Kagera, Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Walakini haikuwa salama kwa majeshi ya Tanzania kupumzika maadamu Jinja ilikuwa mikononi mwa askari wa Amin, kwa kuwa hofu ilikuwa kwamba bwawa litavunjwa. Tarehe 22 Aprili Jinja ikatwaliwa, na bwawa likakutwa zima. Nchi mbili zilikuwa zimengoja majuma mawili zijue kama zitakuwa na taa. Wingi wa mashine haukuzifaa kitu, kwa sababu wingi huo ulikuwa chini ya paa moja.

Na kinyume kingine kina uzi unaoanzia mkoani Dodoma. Kongwa, iliyo upande wa mashariki wa mkoa huo, ilikuwa tangu miaka ya mwanzo ya 1960 kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wa FRELIMO walikuwa miongoni mwa wa kwanza, na vita vyao vilianza Septemba 1964. Wareno walijibu, pamoja na mengine, kwa kujenga Cahora Bassa mtoni Zambezi: turbini 5 za megawati 415 kila moja, na waya wa kilomita zipatazo 1,400 mpaka karibu na Johannesburg. FRELIMO hawakuweza kuzuia ujenzi, na ziwa lilianza kujaa mwisho wa mwaka 1974. Lakini nchi ilipopata uhuru, waya ule mrefu ulikuwa mikononi mwa kila mwenye baruti. Waasi wa RENAMO waliangusha minara ipatayo 2,000, na kwa muda wa karibu miaka 15 mtambo mkubwa kupita karibu yote ya Afrika ulikaa kama ng'ombe wa maziwa aliyekatwa chuchu. Ajabu ya jambo lenyewe ni kwamba waasi hao walisaidiwa na Afrika Kusini, ambayo ndiyo iliyokuwa mnunuzi wa umeme ule.

Katika Unguja waya ulikatika bila vita. Kisiwa kilipata umeme wake kutoka bara kwa waya mmoja uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980. Ulishindwa kwa majuma manne hivi katika Mei na Juni 2008. Ukashindwa tena tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3 kamili. Pampu za maji zilisimama, samaki wakaoza, hoteli zikala faida yao katika mafuta. Kila aliyeweza alinunua jenereta, na usiku wa Mji Mkongwe ukawa mngurumo. Hapo hapakuwa na upungufu wa mashine. Palikuwa na mamia ya mashine zisizojuana: moja ikichoma mafuta kuwasha taa 3 na jokofu, ya jirani ikizidiwa na mzigo hata ikafa, na ukuta wa mawe baina yao. Waya mpya wenye nguvu zaidi uliwekwa mwaka 2013, na jenereta za akiba zikasimikwa Mtoni. Lakini ile miezi 3 ilionyesha kwamba udogo uliotengana si dawa ya ukubwa uliokatika.

Majeshi yamefanya kosa la Mji Mkongwe kwa miaka mingi. Desturi ya kambi ilikuwa kila kikosi kije na jenereta yake: wapishi na yao, waganga na yao, watu wa simu na yao, na kila moja imechaguliwa kubwa ya kutosha kwa saa yenye kazi nyingi kuliko zote. Matokeo yake ni kwamba kwa saa nyingi za siku kila mashine huenda kwa theluthi ya nguvu zake au pungufu, ikila mafuta mengi kwa kazi kidogo na kujichafua yenyewe. Katika Afghanistan mafuta hayo yalipita njia za mabomu. Uchunguzi wa jeshi la Marekani uliotangazwa mwaka 2009 ulikadiria kwamba katika kila misafara 24 ya mafuta iliyokwenda huko, mtu mmoja aliuawa au kujeruhiwa. Ni hesabu ambayo van Deventer angaliielewa bila mkalimani.

Dawa iliyotafutwa ni gridi ndogo: mashine kadhaa za kambi zifungwe katika mtandao mmoja, zishiriki mzigo, na zile zisizohitajiwa zilale. Kunena ni rahisi. Jenereta mbili haziunganishwi kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira. Umeme wa nchi zetu hupiga mapigo 50 katika kila sekunde, na mashine inayoingia katika mtandao lazima ipige mapigo hayo hayo, kwa nguvu ile ile, kwa nukta ile ile. Ikiingia imekosea hatua, hutupwa na wenzake kwa kishindo kiwezacho kuvunja mhimili wake. Mpiga ngoma aingiaye katikati ya wimbo hujua habari hii, ila yeye akikosea huchekwa tu.

Kisha ni lazima mzigo ugawanywe, na namna ya kuugawanya ni hekima iliyo nzuri kupita zote katika kazi hii. Kila mashine hupangwa ili ipunguze mwendo kidogo kadiri inavyolemewa: ikiwa tupu, tuseme, hupiga mapigo 52, na ikiwa imejaa hupiga 50. Maadamu zote zimefungwa katika waya mmoja na hazina budi kupiga sawa, mashine iliyo na mzigo mwepesi hujikuta inavutwa kuchukua zaidi, na iliyolemewa hupumzishwa, mpaka zote zibebe kwa uwiano wa nguvu zao. Hapana nyapara anayetoa amri, wala waya wa simu baina yao. Mmoja akianguka, mapigo ya wote hushuka kidogo, na katika kushuka huko kila aliyebaki hupata habari na kuongeza nguvu. Kwa hiyo kambi yenye mahitaji ya mashine 4 huwa na 5, na adui, au vumbi, au fundi mzembe, akiua moja, taa hufifia kwa kitambo tu.

Turbini ndogo ziliingia katika habari hii mwishoni mwa karne ya 20. Kampuni ya Capstone ya California ilianza kuuza mwaka 1998 mashine ya kilowati 30 ambayo mhimili wake huzunguka mara 96,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa hewa bila mafuta ya kulainisha. Umeme wake huzaliwa na mapigo ya kasi mno. Kwa hiyo hugeuzwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu, kisha chombo kiitwacho inveta huufanya upya kwa mapigo 50 au 60. Sifa zake ni za kumpendeza askari: sehemu zizungukazo ni chache, yaweza kunywa dizeli, mafuta ya taa au gesi, na haitikisiki sana.

Aibu zake nazo zisifichwe, kama wauzaji wanavyopenda kuzificha. Turbini ndogo hugeuza kuwa umeme sehemu 26 mpaka 29 hivi za kila 100 za mafuta yake, ilhali injini nzuri ya dizeli hufikia 35 na zaidi. Na ikiachwa iende kwa mzigo mdogo, ulafi wake huzidi. Peke yake, basi, ni mtumishi ghali. Ni katika kuunganishwa ndipo inapofaa, kwa maana mashine 6 ndogo huruhusu 4 kuzimwa usiku na 2 kwenda zimejaa. Tena hula hewa nyingi. Nyanda za Dodoma ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi; turbini hupoteza yapata sehemu moja katika 10 ya nguvu zake kwa mwinuko huo, na joto la Oktoba na Novemba huondoa nyingine. Vumbi la Chemba, ambalo huingia hata katika sanduku lililofungwa, litataka vichujio visafishwe kila mara. Mhandisi anayepima mahitaji ya kambi kwa karatasi iliyochapwa California, mahali pa usawa wa bahari, atajikuta amepungukiwa na mashine moja au mbili.

Wala wazo la mashine ndogo zilizofungwa pamoja si geni Tanzania. Mtwara, kwa gesi ya Mnazi Bay, ilipata umeme wake tangu mwaka 2007 kwa injini ndogo za gesi zilizopangwa safu moja na kuhudumia mikoa ya kusini mbali na Gridi ya Taifa. Zilikuwa injini, si turbini, na wateja wake walikuwa raia. Lakini kanuni ni ile ile.

Swali limekuwa zito zaidi kwa nyanda za kati tangu serikali ilipohamia Dodoma. Shauri lilikatwa mwaka 1973, likatendwa hasa tangu mwaka 2016, na mwaka 2019 jiwe la msingi la makao makuu ya ulinzi likawekwa Kikombo. Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, mto ule ule uliomeza Königsberg, lilianza kutoa umeme mwaka 2024 kwa turbini ya kwanza kati ya 9, zenye jumla ya megawati 2,115. Nguvu hiyo ni neema kwa viwanda na mashule. Kwa mlinzi wa mji mkuu ni kamba ya mamia ya kilomita, na yampasa kuwa na ndoo nyingine karibu.

Hapo ndipo historia ya njia ya Chemba inapouliza jambo ambalo wahandisi hulitaja upesi na kupita. Majeshi ya 1916 hayakuishi kwa kamba zao tu. Kamba zilipokatika yalikula nchi: ng'ombe, mtama na uwele vilichukuliwa, vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana baada yake, hapakuwa na akiba ghalani wala mikono shambani. Wagogo waliiita njaa ile Mtunya. Ilidumu tangu mwaka 1917 mpaka 1920, na inakadiriwa kuwa iliua watu 30,000 katika watu 150,000.

Gridi ndogo ya kambi nayo huwa na siku ya upungufu, na kwa siku hiyo huandikwa mapema orodha ya mizigo: kipi kizimwe kwanza, kipi cha pili, kipi kisizimwe kamwe. Rada na chumba cha kupasulia huwa mwisho; taa za uwanja huwa mwanzo. Waya ukivuka ua wa kambi mpaka kijijini, kama unavyoweza kuvuka bila taabu, orodha huongezeka mistari miwili: pampu ya kisima, na jokofu la chanjo katika zahanati. Mashine hazina rai juu ya mahali pa mistari hiyo. Afisa mwenye kalamu ndiye atakayeiandika, wakati wa amani, mafuta yakiwa tele.